Fahali hana kiwele: jibu kwa mfugaji anayetaka mitamba ya kubaki zizini

Swali: "Daktari, nafuga Friesian 11 hapa Njoro. Mmoja wao, Malkia, ameshika nafasi ya kwanza katika daraja lake kwenye maonyesho ya ASK Nakuru miaka miwili mfululizo. Tangu hapo mimi na mke wangu tumeamua kufuga kwa ajili ya maonyesho na kuuza mitamba. Sasa tunataka kuzalisha wenyewe mitamba ya kuchukua nafasi za ng'ombe wanaozeeka. Jirani ana fahali aliyepata ubingwa, mkubwa, mgongo umenyooka kama rula, na amekubali kutuazima kwa miezi 2. Nilipoangalia karatasi zake nikaona baba yake ndiye baba ya Malkia. Watu wananiambia hiyo ni bahati, bingwa akikutana na bingwa huzaliwa bingwa. Kijana wa AI, yaani wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, naye ananishawishi nichukue mbegu ya kuzaa majike, ya fahali mrefu sana wa Marekani, ghali kweli, niwape ng'ombe wote. Iko pia mbegu ya kituo cha Kabete, ya bei nafuu, lakini wenzangu wanaicheka. Kati ya hao 11, wawili viwele vimeshuka, mmoja ana miguu mibaya ya nyuma, na wawili hawashiki mimba hadi wapandishwe mara 3 au 4. Nichague fahali yupi?"

Hongera kwa Malkia, ndugu yangu, wewe na mkeo. Ng'ombe wa kwanza kuleta utepe nyumbani huja na wasiwasi wake: nitampata wapi mwingine kama huyu? Naona watu wamekujibu kila mmoja kwa upande wake, na wote wameanza na fahali. Mimi nitaanza na kitu ambacho hakuna fahali anacho, nacho ni kiwele.

Mkumbuke mwamuzi alivyofanya kazi uwanjani siku Malkia aliposhinda. Ng'ombe wanazungushwa, anawatazama ubavuni, kisha anakwenda kusimama nyuma yao, na hapo ndipo anapokawia. Anatazama kiwele kimeshikwa vipi, kimepanda hadi wapi kwa nyuma, sakafu yake iko juu ya kifundo cha mguu au imeshuka chini yake, chuchu zimekaa katikati ya kila robo au zinatazama nje. Kwenye kadi ya alama wanayotumia Wamarekani kuamulia ng'ombe wa maziwa, kiwele peke yake kina alama 40 kati ya 100, miguu ya nyuma na kwato 20. Sasa mgeukie fahali wa jirani. Mgongo wake umekuonyesha mgongo, miguu yake imekuonyesha miguu. Zile alama 40 hajakuonyesha hata moja. Hajakuonyesha maziwa pia, wala kama binti zake hushika mimba mapema. Ubingwa wake ni wa kweli na simdharau, ila alishindanishwa na madume wenzake, na wewe hutafuti dume. Unatafuta mama.

Niliwahi kuitwa kwenye zizi moja Kinangop lililojaa mabinti wa fahali wa utepe. Ukiwatazama kwa mbele walipendeza mno: shingo ndefu, kifua wazi, kichwa cha heshima. Lakini waliozaa mara ya pili karibu wote viwele vilikuwa vimepita kifundo, na wakitembea vilipigwa na miguu. Nikamwuliza mwenye zizi kama alimwona mama ya yule fahali. Hakuwa amemwona. Tulipofuatilia tukaambiwa alikuwa ameshauzwa machinjioni, kisa kiwele. Mzee yule alikuwa amepoteza karibu miaka mitano, na swali lililotakiwa lilikuwa la dakika moja.

Kwa hiyo fahali yeyote utakayeletewa, awe wa kamba au wa mrija, muulizie jamaa zake wa kike. Mama yake yuko wapi, amezaa mara ngapi, kiwele chake kikoje baada ya uzao wa tatu au wa nne? Dada zake je? Kama ana binti waliokwisha kuzaa, hao ndio ushahidi mkubwa kuliko wote, maana wao wameshachukua nusu yake na kuionyesha hadharani.

Hiyo nusu nayo ina hesabu yake. Ndama hupata nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Kwa ndama mmoja hilo linasikika kuwa sawa kwa sawa. Lakini kwa kundi, mambo hubadilika. Mtamba utakayembakiza atapandishwa na fahali mwingine, na binti yake na mwingine tena. Baada ya vizazi 3, nusu ya urithi wa kundi imetoka kwa fahali wa mwisho, robo kwa yule wa kabla yake, na sehemu moja ya nane kwa wa kwanza. Jumlisha: ni 87.5%. Ng'ombe wako wa leo, Malkia akiwemo, watakuwa wamebaki 12.5% tu. Ndiyo maana wafugaji wa siku nyingi husema kundi ni fahali wako watatu wa mwisho. Ukimchagua mmoja vibaya kwa ajili ya mitamba ya kubaki, utaishi naye muda mrefu.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wamekuambia ni bahati. Fahali wa jirani na Malkia ni kaka na dada kwa baba. Ndama wao atakuwa na kiwango cha undugu wa damu cha 12.5%. Maana yake, katika kila sehemu 8 za urithi wake, moja atakuwa ameipata mara mbili, nakala zote mbili zikitoka kwa babu yule yule. Kila mnyama, hata bingwa, hubeba kasoro chache zilizofichwa: nakala moja imeharibika, nyingine nzima inaifunika. Unapokutanisha ndugu, nakala mbili zilizoharibika hupata nafasi ya kukutana, na hapo hakuna cha kuifunika kasoro. Mara nyingi huoni kiumbe cha ajabu. Unachokiona ni ndama dhaifu kidogo, maziwa yaliyopungua kidogo, ng'ombe anayerudi kwenye joto mara nyingi zaidi. Mambo madogo madogo, na kila moja utalitafutia sababu nyingine.

Nikupe mfano wa kweli. Fahali wa Marekani aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief alizaliwa mwaka 1962, na damu yake imeenea katika Friesian na Holstein wa dunia nzima kwa sababu mabinti zake walikuwa na maziwa mengi. Chief alibeba kasoro moja iliyofichwa, ambayo leo inaitwa HH1. Mjukuu au kitukuu akiipata kwa baba na kwa mama pia, mimba hufa. Ng'ombe wawili wenye kubeba kasoro hiyo wakikutana, mimba moja kati ya nne inapotea, na mfugaji hujua tu kwamba ng'ombe "amerudia". Watafiti wamekadiria kuwa kasoro hiyo imepoteza takriban mimba nusu milioni duniani. Wanasema pia kwamba faida ya maziwa aliyoileta Chief ilizidi hasara hiyo kwa mbali, nami nakubaliana nao. Hakuna mnyama asiye na doa. Kosa ni kulikutanisha doa na lenyewe. Madume wa Holstein wa Marekani karibu wote, ukifuata baba hadi baba, wanaishia kwa Chief au kwa Round Oak Rag Apple Elevation, aliyezaliwa mwaka 1965. Kwa hiyo hata bila kutaka, ng'ombe wako tayari wana undugu wa mbali. Usiuongezee wa karibu.

Kwa Malkia, basi, fahali wa jirani hapana. Na kama yule baba yao alitumika sana pale kwako, pekua karatasi za wote 11 kabla ya kumkubali hata kwa mmoja. Kuna jambo jingine kuhusu kuazima dume, nalo ni la afya: fahali anayepanda mazizi kadhaa huweza kubeba brusela, ugonjwa unaotoa mimba, pamoja na magonjwa ya uzazi yanayokaa kwenye uume wake bila yeye kuonyesha dalili yoyote. Brusela huingia kwa binadamu pia, kwa maziwa mabichi na kwa mikono iliyomsaidia ng'ombe kuzaa. Ukisema kwa jirani "acha kwanza daktari ampime", si kumkosea heshima. Jirani mwema naye atataka ng'ombe wako wapimwe.

Yule wa Marekani ni mazungumzo mengine. Kuna mambo mawili yamechanganywa hapo: urefu wake, na mbegu yake kuchaguliwa jinsia.

Urefu hurithiwa kwa urahisi. Tofauti za urefu kati ya ng'ombe na ng'ombe, karibu 40% hutokana na damu. Kina cha kiwele ni karibu 25 hadi 30%. Miguu ni karibu 10 hadi 20%, na uwezo wa kushika mimba hauzidi 5%. Sehemu kubwa iliyobaki ni lishe, matunzo na bahati. Ndiyo sababu mfugaji akitafuta urefu huupata haraka, na akishaupata hawezi kuurudisha kwa haraka. Ng'ombe mrefu mno anakula zaidi ili tu kujikimu kabla hajatoa lita moja. Vitanda vya banda lako vimejengwa kwa kipimo cha ng'ombe wako wa leo. Binti anayezidi kitanda atalala miguu ikiwa kwenye ujia, na kwato zitaumwa. Usisahau kuwa mabinti wa fahali huyo waliopimwa kwao walilishwa chakula kilichochanganywa kwa mizani kila siku ya mwaka. Wa kwako watakula nepia, nyasi kavu za msimu wa kiangazi na dairy meal kadiri mfuko unavyoruhusu. Fahali anayeongoza kule anaweza asiongoze hapa. Uwanjani urefu hupendeza, sikatai, lakini mwamuzi anayejua kazi yake hampi utepe ng'ombe mrefu asiyeweza kutembea.

Mbegu ya kuzaa majike ni teknolojia nzuri, nami huitumia. Mbegu inayobeba jike ina DNA zaidi kwa takriban 4%, na mashine huitambua kwa rangi na mwanga, ikaitenga. Matokeo ni majike karibu 90 kati ya ndama 100. Gharama yake haiko kwenye bei tu. Mrija wa kawaida una mbegu milioni 15 au zaidi. Huu una milioni 2 hadi 4, na hizo zimepita kwenye msukosuko wa mashine. Kwa hiyo hushika mimba kwa kiwango cha chini. Iweke kwa mtamba mwenye afya, au kwa ng'ombe aliyerudi vizuri baada ya kuzaa na anayeonyesha joto waziwazi. Ukiiweka kwa wale wawili wanaorudia mara 4, umemwaga pesa.

Ukifungua katalogi, usianzie kwenye picha. Tafuta kiwango cha uhakika cha fahali, yaani makadirio yake yanaaminika kiasi gani. Fahali kijana aliyepimwa kwa jinomu tu, yaani kwa DNA yake, ambaye bado hana binti wanaokamuliwa, huwa na uhakika wa karibu 70% kwa maziwa. Mwenye mamia ya binti hufika 95% na kupita. Vijana wengine ni wazuri sana, lakini makadirio yao yanaweza kushuka mabinti wanapoanza kukamuliwa. Kwa zizi dogo kama lako, ambalo binti wanne ndio mustakabali wote, mimi hupendelea fahali aliyethibitishwa. Kama lazima utumie vijana, tumia wawili au watatu, mzigo wote usiwe juu ya mmoja. Ukishaona uhakika, nenda kwenye kiwele: kina, kushikwa kwa mbele, urefu wa kushikwa nyuma, na ule ukano wa katikati unaokigawa. Kisha miguu na kwato. Kisha afya ya kiwele na uzazi wa mabinti, hata kama vinarithiwa polepole, maana ukivipuuza kwa vizazi 3 huwezi kuvirudisha kwa sindano. Angalia pia alama za kasoro zilizofichwa, HH1 na wenzake. Katalogi nzuri huziandika. Na ukipandisha mtamba kwa mara ya kwanza, tafuta fahali ambaye ndama wake huzaliwa kwa urahisi. Urefu uwe wa wastani tu.

Na Kabete? Wanaoicheka hawaitendei haki. Kituo kile, ambacho leo kinaitwa KAGRC (Kenya Animal Genetic Resources Centre), kilianzishwa mwaka 1946, na fahali wake wanaishi katika hali ya hewa yetu. Katalogi yao isome kwa macho yale yale: mama alitoa kiasi gani, kiwele kimeandikwaje, kuna binti waliopimwa au hakuna. Ukikuta fahali mwenye viwele vizuri na asiye ndugu wa karibu wa ng'ombe wako, mchukue bila aibu. Bei ya mrija haimwambii mwamuzi chochote.

Lakini hata fahali bora hatakusaidia kama utambakiza binti wa kila ng'ombe. Hapa ndipo ningependa utulie zaidi, maana swali lako lote limeuliza baba na halikuuliza mama. Chora mstari zizini mwako leo. Wale wawili wenye viwele vilivyoshuka, mabinti zao usiwabakize, hata wakizaliwa wazuri namna gani. Wapandishe kwa mbegu ya bei nafuu, au hata ya fahali wa nyama, uuze ndama. Utasikia kwamba fahali mwenye kiwele bora "atasahihisha". Anasaidia nusu, ndama hukaa katikati ya wazazi wake, na katikati si kiwango cha maonyesho. Yule wa miguu mibaya, mtazame kwanza kwato zake. Kama ni kwato ndefu zisizokatwa au sakafu ya saruji inayoteleza, damu haina kosa, na anaweza kupewa nafasi na fahali wa miguu mizuri. Kama hata mama yake alikuwa hivyo, mweke upande wa wale wawili.

Wale wanaorudia, usiwatafutie fahali kabla ya kuwatafutia sababu. Mara nyingi ni joto linaloonwa kwa kuchelewa, chakula pungufu baada ya kuzaa, maambukizi ya mfuko wa uzazi, au mrija ulioyeyushwa vibaya. Mbegu hukaa kwenye nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikitolewa na kushikwa juani wakati mnapatana bei, imekwisha. Inatakiwa kuyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 na kutumika mara moja. Ng'ombe ukimwona amesimama kupandwa na wenzake asubuhi, apandishwe jioni ile. Ukimwona jioni, kesho yake asubuhi.

Wanabaki kama 6, na Malkia ni kiongozi wao. Hao ndio mama za kundi lako. Ukitaka mitamba 2 au 3 kwa mwaka, mbegu ya kawaida itakupa majike kama 3 kwa ng'ombe 6, na mmoja huenda asifike. Kwa hiyo pesa ya mbegu ya kuzaa majike iweke hapa, kwa Malkia na wawili wanaomfuata, ambao wanaonyesha joto vizuri, na wengine uwape ya kawaida ya fahali yule yule au wa pili wake. Kama Malkia ana binti tayari, mtazame sana: akifanana na mama kwa kiwele, una ushahidi kwamba uzuri ule uko kwenye damu na haukutokana na chakula na maandalizi ya uwanja peke yake. Na ng'ombe wako yeyote akizaa pacha wa dume na jike, yule jike usimlee kwa matumaini. Zaidi ya 9 kati ya 10 wa namna hiyo ni tasa.

Uwe na subira ya kweli. Ukipandisha leo, mimba ni miezi 9, mtamba aliyelishwa vizuri hupandishwa akiwa na miezi 15 au zaidi, kisha miezi 9 mingine. Kiwele utakachokichagua mwezi huu utakiona baada ya karibu miaka 3.

Kabla ya kununua mrija wowote, mwite daktari wa mifugo awapime wale wawili wanaorudia kwa mkono au kwa mashine ya picha, na achukue damu ya kundi zima kupima brusela. Hilo siwezi kukufanyia nikiwa huku. Ng'ombe akitoa mimba, usiguse kilichotoka kwa mikono mitupu. Mpigie siku hiyo hiyo. Na umwalike mtu aliyezoea kupima maumbo ya ng'ombe aje atembee nyuma ya wote 11 pamoja nawe. Jicho la mwenye ng'ombe hupenda, la mgeni huona.

Mwisho ni karatasi. Mnunuzi wa mtamba wa maonyesho hulipia nasaba. Kenya Stud Book, daftari la kusajili nasaba za mifugo, ina ngazi nne, kuanzia ya msingi hadi pedigrii, yaani ya nasaba kamili, na binti hupanda ngazi juu ya mama yake pale tu baba anapokuwa amesajiliwa na imethibitika ndiye. Kwa hiyo kijana wa AI akimaliza, mwombe ule mrija mtupu. Jina la fahali na namba yake vimechapishwa juu yake. Ubandike kwenye daftari, mbele ya jina la ng'ombe na tarehe, kabla hajawasha pikipiki.